Mchotaji Yule Yule

Bwenini, 9 Februari 1992

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini cherehani inazunguka na mgongo umetulia. Mimi ni mzima wa afya, ila nanuka. Nimeanza kuchoma mifupa kwa ajili ya tasnifu yangu, na moshi wake hautoki kwenye nguo hata nifue vipi. Mwenzangu wa kitanda cha pili ameomba kuhamishwa chumba. Mifupa yenyewe napewa bure buchani. Muuza nyama aliniuliza nafuga mbwa wangapi, nikamwambia nasomea uhandisi wa kemikali, akaniongezea kwa huruma.

Sasa jambo lenyewe. Unakumbuka nilivyowaeleza likizoni: maji ya kisima chetu yana madini ya floraidi kupita kiasi, na ndiyo yaliyotupaka meno rangi ya kahawia, ukoo mzima. Mkaa wa mifupa unayanasa madini hayo. Kazi yangu ni kutengeneza chujio, kupitisha maji, kupima, kuandika, kisha kuitetea mbele ya watahini mwezi wa saba. Nikipata shahada ya heshima ya daraja la kwanza, idara itanichukua niwe mhadhiri msaidizi. Nafasi ni moja tu, na tunaoikodolea macho ni wengi.

Nahitaji maji. Maji ya kisima chetu hasa, na achote Baba mwenyewe. Usicheke, Shangazi. Anajua nilivyomfundisha: asubuhi kabla hamjaanza kuchota, ndoo ya kwanza amwage, chupa azisuuze kwa maji hayo hayo, ajaze mpaka shingoni, afunge. Kwenye sura ya tatu nimeshaandika hivi: "Maji yote yalichotwa na mchotaji yule yule, kwa njia ile ile, kutoka kisima kile kile." Profesa wangu ameupenda sana mstari huo. Msinitie aibu.

Mwambie Baba aniandikie walau neno moja. Najua hataandika.

Mwanao


Nyumbani, 1 Machi 1992

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako tumeisoma, yaani nimeisoma mimi, baba yako akasikiliza huku anachonga funguo za watu. Kila nilipofika kwenye floraidi alinirudisha nyuma, eti nalitamka kama jina la mchumba. Mgongo haujambo kiasi. Sare za shule zimejaa chumbani mpaka nalala nimekumbatia kaptura.

Chupa zako zimo ndani ya boksi, na kondakta wa basi ameahidi hatazilaza. Kachota mwenyewe. Alinizuia kusogea kisimani mpaka amalize, nikasimama na ndoo yangu kama mtu aliyekuja kuomba. Alimwaga, akasuuza, akajaza, akainua chupa juu akaitazama kama vile anajua anachotazama. Halafu vifuniko akavikaza kwa waya wake wa kufuli na kupiga lile fundo lake. Utahitaji koleo.

Kuandika amekataa, wala usimshangae. Unajua hata akidaiwa sahihi huchora ufunguo. Amesema niandike neno kwa neno: "Mwambie Injinia Mifupa asiunguze jengo la watu, mimi sina la kumjengea. Na akishaondoa hizo rangi kwenye meno asije kunicheka mimi." Nimeandika kama alivyosema, msije mkasema Bi Redio kaongeza chumvi. Jina hilo la Bi Redio ananiita sasa hata mbele ya wateja wangu.

Mtaa mzima unajua utakuwa mhadhiri. Waliokuwa hawanisalimii sasa wananiuliza mwanao anamaliza lini.

Ana kikohozi kidogo. Ni vumbi la chuma tu.

Shangazi yako


Bwenini, 29 Machi 1992

Shangazi yangu,

Shikamoo. Pole na kaptura. Boksi lilifika salama, na fundo la Baba lilishinda koleo mbili za karakana. Fundi wa maabara aliuliza ni nani aliyefunga, nikajisikia fahari kama mjinga.

Chujio la kwanza limeondoa nusu ya floraidi, halafu likaziba. Profesa ametikisa kichwa, akasema nusu ni nusu. Anataka nijenge lingine, refu zaidi, na nililishe maji mapya mwezi wa tano. Hilo ndilo litakalobeba tasnifu yote, sura ya tano, ndiyo watahini watakayoifungua kwanza. Nitakuandikia siku ya kuchota.

Lakini kuna kitu umekitupa mwishoni mwa barua, kama mtu anayekunja nguo kuficha doa. Nakujua. Kikohozi cha namna gani? Anakula? Anakwenda kibandani? Shangazi, kama Baba anaumwa niandikie neno moja tu, "njoo", nitapanda basi siku hiyo hiyo. Nimeshamuuliza Profesa. Naweza kuahirisha mpaka mwakani. Ile nafasi itakwenda kwa mwingine, basi iende.

Nasubiri jibu lako kabla ya jambo lolote.

Mwanao


Nyumbani, 16 Aprili 1992

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo sote. Usije.

Kikohozi kimepungua. Kibanda amekifunga kwa muda ili apumzike, na mimi namshughulikia, wala sioni hiyo safari yako ingemsaidia nini zaidi ya kuvuruga masomo. Miaka yote hii tumevumilia, unataka kutupa jembe umebakiza tuta moja? Kaa hapo uchome mifupa yako.

Baba yako anakusalimu na anakutakia kila la heri katika masomo.

Shangazi yako


Nyumbani, 18 Mei 1992

Mwanangu,

Marahaba. Nisamehe kwa kuchelewa kukujibu, hapa nyumbani palikuwa na wageni wengi na kazi nyingi. Mimi ni mzima. Cherehani ilipumzika kidogo, sasa inaendelea.

Barua yako ya kuomba maji ya mwisho niliipata. Chupa hizo nakutumia, maji safi kabisa, wewe mwenyewe utayapenda. Kondakta ni yule yule.

Baba yako anakusalimu sana na anakutakia mafanikio mema katika mtihani wako. Usiwe na wasiwasi na nyumbani. Maliza.

Shangazi yako


Bwenini, 2 Juni 1992

Shangazi yangu,

Shikamoo. Keti kwanza, kama uko kwenye cherehani toa mguu. Limefanya kazi! Chujio refu limetoa maji ambayo floraidi yake ni karibu na sifuri. Nilipima, nikarudia, nikamwita fundi wa maabara naye akapima. Profesa, ambaye sijawahi kumwona akicheka, alinishika mkono akanizungusha ofisi hadi ofisi akiniita "mwenzetu". Ameshamwandikia mtahini wa nje. Nililia chooni, halafu nikanawa uso nikarudi kuosha vyombo.

Sasa nikuulize. Tangu lini Baba akamtakia mtu mafanikio mema? Mara mbili mfululizo salamu zake zimekuja zimevaa tai. Sijatukanwa tangu mwezi wa tatu. Na chupa hizi hazikuhitaji koleo. Vifuniko vilifungwa kwa uzi wako wa cherehani.

Mwambie nataka maneno yake, siyo yako.

Mwanao


Bwenini, 14 Juni 1992

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata jibu, labda barua zimepishana. Naandika kwa haraka.

Nilifanya kosa. Maji ya mwezi wa tano sikuyapima kabla ya kuyapitisha kwenye chujio, kwa sababu siku zote yamekuwa yale yale, nikaona napoteza muda. Wiki hii, nikijaza jedwali, nikakuta yamebaki kidogo kwenye chupa moja, nikayapima. Hayana floraidi. Hayakuwa nayo tangu mwanzo. Chujio langu halikuchuja chochote, Shangazi, hapakuwa na cha kuchuja. Nimetetea kichwani mwangu, nimesherehekea, Profesa amejitangazia, na hakuna kitu.

Profesa hataki kuamini. Anasema labda chupa ile ndiyo yenye kasoro, na akaniwekea sharti: mchotaji aandike kwa mkono wake kwamba maji yote yalitoka kisimani, atie sahihi, naye ataiacha sura ya tano kama ilivyo. Bila karatasi hiyo inatolewa. Muda wa kurudia kazi haupo tena. Daraja la kwanza litakwenda, na nafasi itakwenda.

Lakini siyo hilo linaloninyima usingizi. Baba hawezi kukosea kisima. Mpe kalamu. Mstari mmoja, na ufunguo wake.

Mwanao


Nyumbani, 23 Juni 1992

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo. Ulichoomba hiki hapa, mpelekee mwalimu wako, usonge mbele.

"Nathibitisha kwamba maji yote ya mwezi wa tano niliyachota mimi mwenyewe kutoka kisima chetu. Nakutakia mafanikio mema. Ni mimi baba yako mpendwa."

Sahihi iko chini yake.

Shangazi yako


Bwenini, 29 Juni 1992

Shangazi,

Karatasi nimeipata. Ufunguo uliouchora una meno upande mmoja tu. Baba huchora meno pande zote mbili, kwa sababu anasema ufunguo wa upande mmoja ni wa sanduku la mtoto. Umeishi naye miaka yote hiyo na hujawahi kuutazama.

Na "baba yako mpendwa"! Shangazi, kwa nini yeye asichore mwenyewe? Mkono wake una nini?

Nimeiweka karatasi chini ya godoro. Sijampa mtu. Nitetee kitu gani mbele ya watahini kama sijui hata nani alinichotea maji? Niambie. Sitaki salamu, sitaki heri. Niambie tu.


Nyumbani, 8 Julai 1992

Mwanangu,

Nilikuwa nimeapa kukaa kimya mpaka utoke kwenye chumba cha watahini. Nimeshindwa.

Baba yako alitutoka tarehe nne ya mwezi wa tano, alasiri. Ni mapafu. Daktari alisema ni vumbi la chuma la miaka yote aliyochonga, na kwamba tulichelewa kumpeleka, kana kwamba baba yako alikuwa mtu wa kupelekwa. Tulimzika kesho yake. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotazamia, hata wale waliokuwa wanamsema kuwa ana roho ya kufuli.

Mimi ndiye niliyezuia usiambiwe. Nilimkataza kila mtu, nikakataza hata telegramu, na mtaa mzima ukaniahidi. Nitukane, nimejiandaa. Lakini nifikirie na mimi. Ungekuja, usingerudi. Nakujua, ungekaa nyumbani unapanga funguo zake mpaka mwaka uishe, na ile nafasi wangempa mtu mwenye baba. Mimi nilitolewa shule mama yetu alipofariki, ili nimlee baba yako. Hakuna aliyeniuliza. Nikasema hilo halitatokea mara mbili katika nyumba hii.

Maji ni mimi. Barua yako ilikuja tukiwa bado na waombolezaji uani. Walikuwa wamechota siku nzima, kisima kimevurugika, kimebaki tope tupu. Nikazitazama chupa zako nikaona haya. Nikasema walimu wake wataona tunakunywa uchafu huu? Nikachota kwenye pipa la mvua, lile la chini ya paa, maji meupe yamekaa kimya. Nikayachuja na kitambaa kipya. Nilidhani nakupa kilicho bora tulichonacho. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba huko mnataka maji mabaya.

Waya wake sikuweza kuugusa. Nikachukua uzi.

Yeye mwenyewe aliniambia, kabla hajafumba macho, kwamba usisumbuliwe mpaka umalize. Kwa hiyo nilifuata neno lake. Karatasi ile mpe mwalimu, mwanangu. Baba yako hatakasirika. Imeshatokea, basi walau pawe na faida.

Nisamehe ukiweza.

Shangazi yako


Bwenini, 23 Agosti 1992

Shangazi,

Nimemaliza. Ulisema maliza, nimemaliza.

Siku ya kutetea, Profesa alinisubiri koridoni na mkono ameunyoosha, anataka karatasi. Nilikuwa nayo ndani ya mkoba. Ningempa, leo ningekuwa mhadhiri msaidizi kwa sahihi ya marehemu, yenye meno upande mmoja. Nikamwambia sina. Akaingia ndani bila kunishikia mlango. Sura ya tano imetolewa, nimepita daraja la pili la chini, na nafasi amepewa mwenzetu aliyefanya kazi ya sabuni. Sabuni yake haitoi povu, lakini namba zake ni za kweli.

Mstari wa sura ya tatu sikuufuta. Nimeongeza mwingine chini yake: "Maji ya mwezi wa tano hayakuhesabiwa. Mchotaji alikuwa amefariki." Profesa aliukata kwa kalamu nyekundu akaandika pembeni kwamba hauhusiani na uhandisi. Niliuchapisha upya kama ulivyokuwa, wamejalidi, uko maktaba. Tangazo pekee la msiba wa Baba nililopata nimeliandika mwenyewe.

Usinitajie shule yako uliyonyimwa. Inanihuzunisha, na imenihuzunisha tangu utotoni, lakini sikuwa mimi niliyekunyima. Ulichofanya ni kunichagulia na mimi. Nilikuandikia mwezi wa tatu nikuombe neno moja. Alikuwa hai. Ulikuwa na mwezi mzima na zaidi wa kuandika "njoo", ukaandika "usije". Mtaa mzima ulipata habari, Bi Redio, isipokuwa mimi.

Sina hasira ya maji. Hayo ya mvua nayaelewa, hata nimeyalilia. Jambo moja tu limebaki. Umeandika kwamba Baba alisema nisisumbuliwe mpaka nimalize. Hayo si maneno ya Baba. Baba hajawahi kuzungumza hivyo katika maisha yake, hiyo ni sauti ile ile ya mafanikio mema. Alisema nini? Nataka kama alivyosema, hata kama ni matusi, hata kama ni upuuzi wa homa. Usiyafue, usiyapige pasi.

Nikipata jibu la kweli nitakuja kuliona kaburi. Nisipolipata, sijui.


Nyumbani, 5 Septemba 1992

Mwanangu,

Nimechana barua nyingi kabla ya hii.

Alisema, "Bi Redio, leo tangaza. Mwambie Mifupa aje." Hiyo ilikuwa siku ile barua yako ya mwezi wa tatu ilipofika. Nilikuwa nimeshaisoma peke yangu na kuitia mfukoni mwa aproni. Sikumsomea.

Nilimwambia nimeshakuandikia. Akauliza tena kesho yake, na kila siku baada ya hapo. Alikataa kulala ameelekea ukutani, akataka kitanda kigeuzwe kielekee mlango, nami nikakigeuza. Akisikia basi linapita barabarani anauliza.

Kila alipouliza, nilimjibu uko njiani.

Shangazi yako